Somo Moja Lililobaki

Bonde la San Joaquin, California
16 Januari 2018

Dada Deolinda,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi watatu na mbwa wa jirani, natangaza rasmi kwamba begi langu la shule limekatika kamba na nimenunua jipya. Hafla ya makabidhiano ilifanyika dukani, mgeni rasmi akiwa mimi mwenyewe. Mabegi ya watu wazima yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo hili lina picha ya dubwana la zambarau linalotoa moto puani. Mtu wa miaka arobaini na tisa, mwenye kiuno kinacholia kama lango la zizi, naingia darasani na dubwana mgongoni. Binti mmoja akaniuliza, "Babu, umemkwapulia mjukuu?" Nikamwambia mjukuu sina, dubwana ni langu.

Najua simu huisikii tena tangu mashine za kiwanda cha nguo zikumalize masikio. Mimi barua nazipenda. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Sasa habari za maana. Huu ni muhula wangu wa mwisho hapa chuo cha jamii. Uhasibu nimepita, uchumi nimepita, takwimu nilipita nikitambaa. Limebaki somo moja tu, kalkulasi, zile hesabu za juu. Nikilipita nahamia chuo kikuu, miaka miwili ya kumalizia, nitoke na digrii ya fedha. Utauliza kwa nini nimeliacha la mwisho. Ni kama mtu anayebakiza mnofu pembeni mwa sahani.

Tangu daktari aninyang'anye usukani wa lori la maziwa kwa ajili ya mgongo, nina ndoto moja: kiti kisichotetemeka. Silvino Rocha wa ofisi ya mikopo ya wakulima amesema nikishaingia chuo kikuu mwezi wa tisa atanipa meza siku mbili kwa wiki, nijifunze kazi. Nitawasomea wenye ng'ombe karatasi zao kwa Kireno kabla hawajatia saini. Lakini lazima niwe mwanafunzi wa chuo kikuu, na meza ni moja.

Niombee. Unajua kichwa changu ni kizito. Shule ilishanikataa mara moja nikiwa na miaka kumi na sita, na bila shaka ilikuwa na sababu zake.

Mdogo wako,
Avelino


Fall River, Massachusetts
29 Januari 2018

Avelino,

Dubwana hilo nimelicheka mpaka meno ya bandia yakahama. Baba angekuona angelichoma moto, na wewe ukiwa umelivaa.

Hapa theluji imefika dirishani. Nakula supu ya kabichi na soseji, nashona, nasema peke yangu kwa sauti kubwa, kama viziwi wote. Habari zako nimempa padre, nimewapa kina mama wa kushona, nimempa na muuza samaki ambaye hakuniuliza. "Mdogo wangu anasomea fedha." Muuza samaki akasema, "Sasa atakuwa nazo?" Nikamwambia, anazisomea, hajasema atazipata.

Neno moja tu halikunichekesha. Hilo la kichwa kizito. Usiliandike tena, sitaki kulisoma kwenye barua inayoingia nyumbani kwangu. Kichwa chako hakina tatizo na hakijawahi kuwa nalo. Basi, yaishe hapo.

Unakula?

Dada yako,
Deolinda


Ofisi ya Ushauri wa Wanafunzi
20 Aprili 2018

Ndugu Avelino Borba,

Kwanza hongera. Chuo kikuu kimekupa nafasi katika shahada ya fedha kuanzia muhula wa vuli. Kwa kuwa jana uliondoka ofisini kwangu kabla sijamaliza kusema, nimeona nikuandikie.

Nafasi hiyo ina sharti. Lazima upite kalkulasi muhula huu, kwa alama sabini au zaidi. Naona mtihani wa nusu muhula ulipata arobaini na moja.

Pia naomba ukumbuke kanuni yetu: somo moja haliruhusiwi kusomwa zaidi ya mara tatu katika vyuo vya wilaya hii. Mara ya kwanza ulijiondoa katikati ya muhula. Uliniambia mwenzako alikuhakikishia kwamba kujiondoa hakuhesabiwi. Kunahesabiwa. Mara ya pili hukufikisha alama. Hii ni ya tatu, na hapa kwetu hakuna ya nne.

Sikuandiki kukutisha, Bwana Borba. Mama yangu alisoma Kiingereza hapa akiwa na miaka hamsini, na kila siku alisema anaacha kesho. Mlango wangu uko wazi. Ila safari hii usitoke kabla sijamaliza.

Pakou Thao
Mshauri wa wanaohamia vyuo vikuu


Bonde la San Joaquin
27 Aprili 2018

Dada Deolinda,

Kaa chini kwanza. Chuo kikuu kimenikubali! Barua ninayo, ina nembo, ina jina langu bila kosa, jambo ambalo hata cheti changu cha ubatizo hakijaweza.

Dukani ninakopima chakula cha ng'ombe sasa wananiita Profesa. "Profesa, gunia mbili za mahindi!" Silvino alipita na lori lake dogo, akashusha kioo, akasema, "Meza naipaka rangi." Kina mama wa ukumbi wa Roho Mtakatifu wamesikia, na wameshaamua: tarehe saba Juni, sopas, nyama na mkate uliolowa mchuzi, kwa watu themanini. Sikuwaomba. Nilijaribu kusema tungoje kidogo, Dona Idalina akaniambia, "Unangoja nini, mwanangu, upate na ya pili?"

Kwa hiyo mambo ni mazuri. Ni mazuri sana. Nalala kidogo, lakini hiyo ni furaha.

Umwombe padre aniwekee mshumaa. Mkubwa, ikiwezekana.

Avelino


Fall River
4 Mei 2018

Avelino wangu,

Nimelia mpaka jirani akagonga ukuta, na nimemsikia, ndipo ujue alivyogonga.

Nimekata tiketi. Nafika tarehe tano Juni saa tisa mchana. Miaka kumi na moja sijapanda ndege, naogopa, nakuja. Usibishe. Mshumaa umewashwa, mkubwa hata padre amelalamika.

Kuna jambo nataka kukuambia nikifika. Au nitaliandika kabla, kwa sababu usoni pako sina hakika kama litatoka.

Deolinda


Bonde la San Joaquin
10 Mei 2018

Mwalimu Harleen Grewal,

Mimi ni yule mzee wa kiti cha mbele, mwenye begi la kitoto.

Naandika kwa sababu nikija ofisini kwako ninasahau Kiingereza, nasahau na Kireno. Mtihani wa mwisho ni tarehe kumi na tisa. Nimefanya maswali yote ya kitabu, mengine mara nne. Hatua nazijua. Niulize hatua ya tatu nitakutajia ya nne. Lakini ukibadilisha swali kidogo tu, naona giza, kama mtu aliyezoea kuendesha barabara moja akakuta imefungwa.

Mwalimu, dada yangu anakuja kwa ndege. Kuna sopas ya watu themanini. Kuna meza inapakwa rangi. Sijui nimefikaje hapa. Kila siku niliongeza ukimya kidogo, na sasa ukimya umekuwa mkubwa kuliko nyumba.

Sina mahali pengine. Lori siwezi, zizi siwezi, na dukani wamenipunguzia saa. Nikianguka hapa, sijui naangukia wapi. Je, kuna kazi ya ziada naweza kufanya? Kusahihisha, kufagia, lolote? Nakuomba kama ambavyo ningemwomba mama yangu, ingawa una umri wa binti ambaye ningekuwa naye.

Avelino Borba


11 Mei 2018

Bwana Borba,

Kazi ya ziada sitoi, kwa mtu yeyote. Nikikupa alama ambazo hukuzipata, nitakuwa nimekupeleka ukaanguke mbele ya watu wengi zaidi.

Lakini kanuni ya darasa unaijua: mtihani wa mwisho ukizidi wastani wako, ndio unaohesabiwa peke yake. Sabini inatosha. Ya nyuma yote yanafutika.

Njoo Jumanne na Alhamisi saa nane mchana. Acha kukariri hatua. Njoo na ulichokuwa ukikifanya maisha yako yote, tutafute hesabu zimejificha wapi humo.

H. Grewal

Na ule chakula. Juzi tumbo lako lilinguruma darasa zima likacheka, mimi pia.


(Kadi yenye picha ya shamba la lozi)
22 Mei 2018

Dada,

Mtihani umekwisha. Leo nilikuwa ofisini kwa mwalimu. Amesema tangu aanze kufundisha hajawahi kuona karatasi kama yangu. Nitakueleza.

Avelino


Fall River
27 Mei 2018

Avelino mdogo wangu,

Kadi yako nimeibandika mlangoni. "Hajawahi kuona karatasi kama yangu." Nimeisoma kwa sauti kwa kina mama wa kushona, wakapiga makofi kwa vidole vyenye sindano.

Sasa umefaulu, naweza kusema. Ungeanguka nisingethubutu kamwe.

Shule haikukukataa.

Mwaka themanini na tano, ng'ombe alipomvunja baba nyonga, alihitaji mikono. Kaka hatukuwa naye, mama alikuwa kaburini. Baba akaniita mezani, akasema, andika. Kiingereza alikuwa hakijui. Niliandika kwa mkono wangu kwamba Avelino Borba anahamia kwa babu yake Terceira, visiwani kwetu, ataendelea na masomo huko, tunaomba mumwondoe kwenye daftari. Nilitia saini ya baba.

Wiki mbili baadaye mwalimu wako wa hesabu alikuja zizini, yule mrefu, amevaa viatu vyeupe, maskini. Wewe ulikuwa nyuma unakamua. Akaniuliza, "Ameshaondoka kweli? Ni kijana anayeuliza maswali mazuri." Nikamwambia ameondoka. Nilikuwa nasikia ndoo zako nikimwambia hivyo. Ndiyo maana baba alikukataza kwenda mjini siku za kazi. Haikuwa adhabu. Ulikuwa Terceira.

Wewe tulikuambia mkuu wa shule amesema huna kichwa cha kusoma, kwa sababu baba alisema kijana anayejua kwamba anaweza atatoroka. Mwaka uliofuata nikaolewa, nikaja huku mwisho wa nchi, nikakuacha na ng'ombe mia moja na ishirini na uongo wangu.

Kila ulipoandika "kichwa kizito" nilikuwa naifunga barua na kwenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Nisamehe tarehe tano, au usinisamehe, lakini uje uwanja wa ndege.

Deolinda


Bonde la San Joaquin
1 Juni 2018

Dada Deolinda,

Barua hii nimeilipia ije kwa haraka ikufikie kabla hujafunga sanduku. Isome ukiwa umekaa.

Kwanza, hilo la Terceira. Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa visiwani? Nilistarehe? Nilioa huko? Maana ninachokumbuka mimi ni makalio ya ng'ombe kila alfajiri, na ng'ombe hawakuniambia kama tuko nchi ya nje. Nilicheka, kisha nikatoka nikashika uzio kwa muda mrefu. Sitakudanganya, nina hasira. Niliendesha lori miaka ishirini na miwili nikiamini kwamba mtu mwenye elimu alinitazama akaona hamna kitu. Kila fomu iliponishinda nilisema, si walishaniambia. Hasira haijaisha na sidhani itaisha kabla ya tarehe tano. Lakini baba alikuwa amekaa mezani hapo mbele yako, na ninajua alivyokuwa akitazama. Uwanja wa ndege nitakuja.

Pili. Sikufaulu.

Kalkulasi ilikuwa mara ya tatu, si ya kwanza. Hapakuwa na mnofu pembeni mwa sahani. Ulikuwa mfupa, umeshanikwama mara mbili. Ile barua ya chuo kikuu ilikuwa na sharti, nikakusomea nembo tu. Sasa wameniandikia kufuta nafasi, kwa adabu, mistari minne. Silvino nilimwambia mwenyewe. Alisema, "Avelino, meza siwezi kuiacha wazi," na amempa kijana kutoka mji wa Modesto. Dona Idalina anasema sopas zitapikwa hata hivyo kwa sababu nyama imeshaagizwa, na watu themanini watakuja kunila kwa macho. Bi Thao, mshauri, anasema kuna chuo kingine ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa moja na nusu, wilaya nyingine, ambako makosa yangu ya hapa hayahesabiwi. Wanaanza Agosti. Sijajiandikisha. Fomu iko juu ya friji na sijui kama nina nguvu ya kuishusha. Asubuhi nakwenda dukani, wanauliza, "Profesa, unahama lini?" Nami nasema, "Karibuni."

Ile kadi haikuwa na neno hata moja la uongo, na yote ilikuwa uongo. Basi nikueleze ilivyokuwa.

Nilipata sitini na nane. Mbili, dada. Mbili tu. Nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Grewal na hotuba niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo, na sikufika sentensi ya pili. Akasema, "Tuipitie pamoja." Akapitia ukurasa kwa ukurasa, akageuza wa mwisho, akasema, "Ah. Hapa nyuma uliendelea. Sikupaona." Akasoma. Akaweka alama mbili.

"Sabini," akasema. "Umepita, Bwana Borba."

Akageukia kompyuta arekebishe. Kwa dakika moja hivi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Nakuambia, kiti chake cha wageni kilikuwa hakitetemeki kabisa. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, nikaifunua kwa raha tu, kama mtu anayetazama picha za harusi yake. Nikafika swali la sita.

Kuna kiwanda cha jibini. Wanataka kujua watengeneze magurudumu mangapi ya jibini ili faida iwe kubwa kuliko zote. Unatafuta mahali ambapo mstari wa faida haupandi wala haushuki. Tatizo ni kwamba mahali hapo ni pawili. Unakumbuka mlima wa Pacheco? Nimeupanda na tangi la maziwa mara elfu. Pale juu kabisa kuna hatua chache lori halipandi wala halishuki, usukani unakuwa mwepesi. Na kule chini kabisa, kabla ya kuanza kupanda tena, ni vilevile: mwepesi. Mkono hauwezi kutofautisha. Lazima utazame ulikotoka. Mimi nilikuwa nimechukua bonde, nikaliita kilele. Na mwalimu, kwa uchovu wa karatasi tisini, alikuwa ameweka tiki. Alama tano.

Muhula mzima sikuwahi kuona kitu. Nilifuata hatua kama ng'ombe anavyofuata njia ya kwenda kukamuliwa. Na pale, dada, nikaona. Yote. Mlima wote ulikuwa kwenye karatasi. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Mwalimu, hili ni bonde."

"Bonde gani?"

"Hapa. Hawa watu wa jibini watafilisika. Umenipa alama tano kwa kuwafilisi."

Akaja akatazama. "Bwana Borba, umekuja kuomba alama au kurudisha?"

"Sijui. Nimeliona tu."

"Umelionaje?"

Nikasimama nikamchorea ubaoni, mlima, lori, usukani. Nilikuwa naongea haraka, nacheka. Yeye alikuwa hacheki. Hapo ndipo aliposema tangu aanze kufundisha hajawahi kuona karatasi kama ile.

Usije ukawaambia kina mama wa kushona kwamba nilifanya wema. Haukuwa wema. Ningepata hata nusu dakika ya kufikiri ningeikunja karatasi nikaenda nyumbani, na wewe ungekuja ukala sopas na mwanafunzi wa chuo kikuu. Ilikuwa furaha, na furaha ilitangulia akili. Akili ilifika alipochukua kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Mwalimu, tusahau. Tuseme sijaona."

Akasema polepole, "Lakini umeona. Na mimi nimeona."

"Ni mara ya tatu, mwalimu. Hakuna ya nne."

"Najua."

"Dada yangu ameshakata tiketi."

Hapo ndipo nilipopiga magoti, sakafuni, mbele ya msichana wa miaka thelathini na moja, mlango ukiwa wazi na wanafunzi wawili wakisubiri zamu kwenye korido. Nilimwomba kwa Kireno, kwa sababu ndiyo lugha niliyokuwa nayo wakati huo. Alishuka kitini, akanishika kwapani, akaninyanyua taratibu, maana mgongo ulikuwa umegoma. Akanipa maji. Akangoja nimalize kuyanywa. Kisha akakaa, macho yamemlowa, akafuta sabini, akaandika sitini na tano.

Mdogo wako,
Avelino